Nilimfundisha Kuwa Mimi

Kitabu kilitoka chini ya sanduku la nguo za baridi, na kabla sijakiona nilikinusa. Gundi kuukuu, vumbi, na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nilisimama na blanketi mkononi kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Ilikuwa harufu ya ofisi ya mwalimu mkuu, lile kabati la madaftari ya mahudhurio likifunguliwa.

Mwenye kitabu ni bibi ninayemtunza hapa DeSoto. Nitamwita Bibi Loraini, ana miaka themanini na kitu. Mimi nakaa Lewisville, kwa hiyo natoka mapema kabla barabara kuu ya thelathini na tano haijafungwa na foleni. Nikifika namuogesha, nampa dawa na uji wake, halafu tunakaa tukitazamana, maana binti yake yuko Houston na hupiga simu Jumapili tu. Siku hiyo alikitaka kitabu. Ni cha shule yake ya sekondari, miaka ya hamsini, shule ya weusi watupu, enzi ambazo mtu mweusi hapa Texas alikuwa na bomba lake la maji na mlango wake wa nyuma. Kila mwaka shule ilitoa kitabu cha picha. Chini ya picha ya kila mtoto jina lake kamili, na chini ya jina, vyama vyote alivyokuwamo: klabu ya Kilatini, bendi, kwaya, wasaidizi wa maktaba, ushonaji.

Bibi huyu hakumbuki kama amekula. Lakini kidole chake kilipita picha moja moja akitaja majina bila kusoma. "Huyu alipuliza tarumbeta vibaya sana, tukamvumilia kwa sababu baba yake alikuwa na gari la kutubeba." Kwenye picha ya klabu ya maigizo yeye mwenyewe yupo katikati, kabandikwa ndevu za pamba. Alicheza mfalme. "Wenzangu wote waligombania malkia," akasema. "Mimi nikaona mfalme ndiye mwenye maneno mengi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Leticia? Ulikuwa klabu gani?"

Nikamwambia maigizo.

"Ulicheza nani?"

Nikasema ngoja nikatazame jiko. Jikoni hapakuwa na kitu kinachopikwa.

Sasa nitawaambia nyie, watu wa rika langu, mliokwenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi. Nyie hamtaniuliza maswali mengi. Mimi niliishia darasa la saba, mwandiko wangu mnauona, lakini kichwa changu kilikuwa kizima.

Mji wetu ulikuwa kinu cha pamba na nyumba zilizokizunguka. Msimu wa kuchambua, nyuzi nyeupe zilielea hewani zikatua kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kope za punda. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua getini kwa kinu. Baba alishatangulia mbele ya haki, nami nilikuwa mtoto pekee. Ukipita alfajiri ungemsikia mama akiniambia lile lile kila siku: "Wewe utakaa kwenye kiti, si kwenye kigoda." Kiti maana yake sekondari. Shule yetu mwaka mwingine ilipeleka wawili, mwaka mwingine hakuna hata mmoja, na mama alikuwa ameshaamua kwamba mmoja wa hao wawili ni mimi.

Kikundi cha maigizo kilikutana Alhamisi, tukishatoka shamba la shule. Mwalimu wake alikuwa Gervas Lyoba. Namtaja. Kijana, suruali ya bugaluu, ananukia sabuni ya kuogea wakati walimu wengine wote wananukia chaki. Tulimpenda. Mimi nilimpenda kuliko wote, sikuwa na baba. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia popote. Akishakupa nafasi kwenye igizo, jina la huyo unayemwigiza ndilo jina lako mpaka siku ya kuonyesha. Darasani, shambani, kisimani, nyumbani. Ukisahau ukaitika jina lako la kwenu, unafagia darasa wiki nzima. Igizo likiisha alipiga makofi matatu, akasema, "Rudini kwenu," na hapo ndipo mtu ulijirudia.

Nilikuwa hodari. Nilikuwa bwana shamba, nikawa mama mkwe mkorofi, nikawa kupe mnyonyaji, maana enzi zile igizo lisilo na kupe halikupigiwa makofi. Nyumbani mama aliniita nile, nikawa kimya. Akaita tena. Mwisho akapiga kelele, "Haya, Bwana Kupe, njoo unyonye ugali wako," na majirani wakacheka mpaka ukuta ukatikisika. Nilidhani hiyo ndiyo furaha, na kwamba itaendelea.

Mnaikumbuka fomu ya maendeleo. Kila mtoto alikuwa na yake, ilikaa kabatini kwa mwalimu mkuu: masomo, tabia, kazi za mikono, na chini kabisa vikundi. Tuliambiwa mtihani peke yake hautoshi, fomu inaandamana na jina lako mpaka wilayani. Siku moja Mwalimu Gervas alinionyesha yangu. Ilikuwa imejaa wino mpaka pembeni. Mahali pa vikundi alikuwa ameandika mistari mitano kwa mwandiko mdogo, kila igizo na nafasi niliyocheza. Nililala na ile karatasi kichwani kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake.

Mwaka huo wa darasa la saba akaja Josefina. Baba yake, Bwana Mtwale, alikuwa meneja mpya wa kinu, mtu wa gari na miwani ya jua. Binti alikuwa amekwisha kumaliza la saba huko walikotoka na hakuchaguliwa. Kurudia ilikuwa marufuku. Lakini nyie mnajua ilivyofanyika, shule nyingi zilifanya hivyo: anatafutwa mtoto aliyeacha shule ambaye jina lake bado limo kwenye daftari, na anayerudia anakalia jina hilo kama mtu anavyokalia kiti kilichoachwa wazi. Shuleni kwetu jina lililokuwa wazi ni la Leticia Maganga, binti wa dereva wa trekta aliyehamia porini na familia yake. Mwalimu mkuu, Fungameza, naye namtaja, alilitoa daftari akalitazama jina la Leticia. Kisha akaitazama fomu yake. Ilikuwa tupu. Miaka miwili mizima imeandikwa hayupo, hayupo, hayupo. Bwana Mtwale hakutaka jina tupu kwa mwanawe. Alitaka lililojaa.

Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba Mwalimu Gervas kaniita kwenye stoo ya majembe, kajiegemeza kwenye magunia, hanitazami usoni.

"Nina igizo jipya," akasema. "Refu kuliko yote tuliyocheza. Na watazamaji hawajui kama wanatazama igizo."

"Mimi nani?"

"Leticia Maganga."

"Yule aliyeacha shule?"

"Huyo huyo. Utamweza?"

"Namweza, mwalimu. Alikuwa anaburuza mguu wa kulia."

Akacheka, nadhani hakutaka kucheka. "Mguu uache. Jina tu. Popote utakapoandika jina, andika la Leticia. Ukiulizwa, wewe ni Leticia."

"Na mimi nitachezwa na nani?"

"Josefina."

Hapo nikakasirika. Wallahi hilo ndilo lililoniuma siku hiyo, si lingine. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu hataniweza. Anaongelea puani."

Kisha akasema, "Basi mfundishe."

Nikamfundisha. Wiki tatu, kila jioni, nyuma ya stoo ya majembe, nilimfundisha binti wa watu kuwa mimi. Nilimfundisha majina yangu matatu, la kwangu, la baba na la babu, ayatamke bila kusita. Jina la mama na anachouza. Mwandiko wangu, ile herufi ya kwanza ninayoianza kwa kitanzi. Nilimfundisha kunyoosha mkono wa kushoto kwa sababu mimi ni wa kushoto, na hata kucheka.

"Kwani wewe kila siku unacheka hivyo?" akaniuliza.

"Cheka kutoka tumboni. Wewe unacheka kama unapiga chafya."

"Nikicheka kama wewe nitatapika."

"Tapika, lakini kwa sauti yangu."

Alikuwa analeta biskuti kwenye leso, tunakula. Hakuwa mtoto mbaya. Mara moja akaniuliza, "Na Ijumaa nifanye nini?" maana wao walikuwa watu wa kanisani. Nikamwambia Ijumaa anaaga mapema aende chuoni. Akaenda kweli, akakaa nje ya msikiti na kitambaa kichwani mpaka saa zikaisha. Nikamsifu. Nikamwambia Mwalimu Gervas, "Anaanza kunipata." Akasema vizuri, Leti. Alishaanza kuniita Leti.

Wenzetu darasani waliambiwa wanyamaze, nao wakanyamaza. Wakubwa wao walielewa. Najua walielewa kwa sababu waliacha kucheka nami. Mimi niliona wananionea wivu kwa nafasi kubwa niliyopewa.

Kabla ya mtihani akaja mkaguzi kutoka wilayani kuhakiki majina. Tukasimama mstari, yeye na karatasi zake, Fungameza nyuma yake anatoka jasho shingoni. Josefina alifikiwa kabla yangu. Akataja majina yangu matatu, vizuri kabisa, nikajikuta nafurahi kama mwalimu. Kisha mkaguzi akasimama mbele yangu.

"Unaitwa nani?"

"Leticia Maganga, bwana mkaguzi."

"Mbona fomu yako haina kitu?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikaona Mwalimu Gervas kafumba macho. Basi nikainamisha kichwa, nikaacha midomo itetemeke kidogo, nikasema baba alituhamishia porini na trekta, nikawa nachunga mbuzi huku nalia nikikumbuka shule, na sasa nimerudi kwa shangazi nisome. Machozi yalitoka. Ya kweli, nilikuwa na ujuzi huo. Mkaguzi akaniwekea mkono kichwani. "Jitahidi, binti. Serikali haikusahau." Alipoondoka, Fungameza alinitazama kwa namna ambayo mtu mzima hajapata kunitazama, kama ameona kitu kinachomtisha.

Mtihani nikaufanya kwa jina hilo. Uliniwia mwepesi, hesabu nilimaliza nikazipitia mara mbili. Nikatoka nikamfuata mwalimu. "Igizo limekwisha?"

"Bado. Watazamaji bado wamekaa."

Nikasubiri makofi matatu. Nilisubiri msimu wote wa mvua. Mama alikuwa amezoea, akiniita Leticia nachota maji, akiniita jina langu namtazama tu. Akasema, "Safari hii igizo lenu lina mizizi."

Siku ya majina, wazazi walikuja. Mama aliacha karai la vitumbua kwa jirani, akavaa kanga mpya. Fungameza akasimama na karatasi. Akasoma jina la kwanza, mvulana mmoja wa nyumba za reli. La pili, na la mwisho, lilikuwa langu. Yote matatu, langu, la baba na la babu.

Mama akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia tena vigelegele vya namna hiyo, hata kwenye harusi. Mimi nikatoka mstarini. Sikufikiria igizo, sikufikiria kitu, miguu ilitoka yenyewe. Mkono ukanishika bega. Mwalimu Gervas, ile sabuni yake. "Bado, Leti," akasema taratibu. "Rudi mstarini." Na mbele yangu akatoka Josefina, akanyoosha mkono wa kushoto kama nilivyomfundisha.

Vigelegele vya mama vilikatika katikati.

Ofisini, kabati likafunguliwa, ile harufu ikatoka. Mama alisema kwa adabu, "Mwalimu mkuu, shikamoo. Aliyesomwa ni mwanangu."

"Marahaba. Mama, karatasi haisemi hivyo." Fungameza akanigeukia mimi. "Binti, kwenye karatasi ya mtihani uliandika jina gani?"

"Leticia."

"Na mkaguzi alipokuuliza, ulimwambiaje?"

"Leticia."

"Nani alikushikia kiboko?"

Nikamtazama Mwalimu Gervas. Alikuwa anatazama dirishani, anaona pamba inavyoelea. Nikasema hakuna.

"Sasa, mama," Fungameza akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, hiyo ndiyo sitaisahau, "nikienda wilayani, nitasema nini? Kwamba mwanao amedanganya mtihani wa taifa? Huyu atafikishwa kwa polisi. Mimi nataka kumsaidia."

Mama hakujua kusoma. Mbele yake kulikuwa na makaratasi na walimu wawili, na mtoto wake anasema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba yeye ni mtu mwingine. Aliniuliza swali moja tu, palepale. "Ulisema wewe mwenyewe?"

"Nilidhani tunaigiza, mama."

Akajifunga kanga vizuri, akawaaga. Kesho yake alikuwa getini kwa kinu kama kawaida, na Bwana Mtwale akasimamisha gari akanunua vitumbua, na mama akamuuzia, akamfungia kwenye gazeti. Angefanya nini. Kinu kilikuwa chake, na geti lilikuwa lake. Lakini ule wimbo wa kiti na kigoda sikuusikia tena. Alikufa miaka mingi baadaye akiniita "wewe."

Watu wananiambia nisamehe. Nimsamehe nani? Fungameza alihamishiwa shule kubwa zaidi. Mtwale alipata kinu kingine. Gervas Lyoba akawa mratibu wa elimu, akastaafu na hotuba. Nilikutana naye sokoni mara moja, nikiwa msichana mkubwa nimebeba kuni, akavuka upande wa pili. Yeye ndiye ninayemlaumu kuliko wote, kwa sababu wengine waliniibia jina, ila yeye alinifanya nilitoe mwenyewe huku nafurahi. Nilikuja kuolewa nikaachika, nikawa mfanyakazi wa ndani kwa familia iliyokuwa inahamia Marekani. Nilipotafuta pasipoti, cheti pekee nilichokuwa nacho ni cha darasa la saba, na kilisema Leticia Maganga. Hivyo nimevuka na jina la mtoto wa dereva wa trekta, sijui yu hai au amekufa, na lipo kwenye leseni yangu ya gari na kwenye beji ya kazi. Kwenye futari Lewisville nesi mmoja mgeni aliniuliza, "Dada Leti, mashallah, ulisilimu lini?" Nikamwambia zamani. "Mume ndiye aliyekusilimisha?" Wakacheka wote, nami nikacheka, kutoka tumboni.

Jina langu silitaji hapa. Mkilisoma mtamkumbuka yeye, si mimi. Alisoma nalo, akawa daktari nalo, akawa mtu mkubwa wizarani. Mimi hapa namwita Josefina, ili walau mmoja wetu aitwe alivyozaliwa. Na miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja ninachokitaka duniani. Sikutaka vyeti wala cheo chake. Nilitaka siku moja nisimame mbele yake, peke yetu, aniite jina langu. Mara moja tu, mtu anayejua ni langu. Baada ya mama hakubaki mwingine.

Wiki mbili baada ya siku ile ya kitabu, nimekaa sebuleni kwa Bibi Loraini yeye amesinzia, simu ikalia. Ni kwenye grupu letu la watu wa mkoa wetu tuliopo Dallas, Fort Worth na Houston. Tanzia. Juu kabisa jina langu, yote matatu, na mbele yake Daktari. Chini yake wasifu wa marehemu, mrefu, ameuandika mwanawe. Nikasoma polepole, nasoma polepole siku zote. Kazaliwa, kasoma shule ya msingi fulani, yetu. Halafu ukaja mstari huu: tangu utotoni marehemu alikuwa na kipaji, alikuwa nyota wa kikundi cha maigizo shuleni, na mpaka uzeeni alipenda kuwachekesha wajukuu kwa kuigiza bwana shamba, mama mkwe na kupe.

Hakuwahi kucheza hata igizo moja. Aliyatoa kwenye fomu. Au nilimsimulia mimi, nyuma ya stoo, tukila biskuti zake.

Baadaye wakatuma picha za mazishi. Misa ilikuwa kubwa. Udongo bado mbichi, mashada, na msalaba mweupe, na juu ya msalaba jina langu la Kiislamu limeandikwa kwa rangi nyeusi. Chini watu wanaandika pumzika kwa amani, pumzika kwa amani, mamia yao. Kaka mmoja wa Fort Worth, mtu mwema tu, akanitaja kwenye grupu: "Dada Leti, si na wewe umetokea mji huo? Ulimfahamu marehemu?"

Bibi akageuka kwenye kiti chake, akaendelea kulala.

Nikaandika: "Kidogo tu. Poleni sana wafiwa."